Sura ya Nne: Kura ya Siri, Hesabu ya Wazi

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, kura zilipigwa katika vituo 46,229. Hesabu ilipokwisha, msimamizi wa kila kituo alijaza matokeo ya urais kwenye Fomu 34A, akaipiga picha na kuituma, na tume ya uchaguzi ikaiweka picha hiyo kwenye tovuti ambayo mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuifungua. Vyama vilizipakua fomu, vyombo vya habari vikazipakua, na raia wasio na chama wala gazeti wakakaa na vikokotoo vyao wakijumlisha wenyewe. Miaka mitano nyuma mambo yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo ya urais, na mojawapo ya mambo yaliyoiponza tume ni kushindwa kufungua seva zake zikaguliwe kama mahakama ilivyoagiza. Mwaka 2022 watu walibishana vilevile, na kesi zikafika mahakama ileile, lakini safari hii walibishania karatasi ambazo kila upande ulikuwa nazo mkononi. Na katika ufichuzi huo wote, ambao kwa wingi wake ulikuwa haujawahi kuonekana nchini, hakuna aliyejua jirani yake alimpigia nani. Kifaa cha kielektroniki kilimtambua mpiga kura kwa alama za vidole ili asipige mara mbili, kisha kikamwachia aingie kwenye kibanda peke yake. Fomu ilibeba jumla tu.

Nimeanza na uchaguzi kwa sababu unaondoa dhana moja iliyozoeleka mno, ile inayosema kwamba uwazi wa serikali na faragha ya mtu ni vitu vinavyogombea nafasi moja, ukiongeza kimoja lazima upunguze kingine. Kwenye kura havigombani hata kidogo. Siri ya kibanda ndiyo inayoipa hesabu ya wazi maana yake, kwa kuwa mtu ambaye kura yake inaonekana anaweza kununuliwa, kutishwa au kufukuzwa kazi, na hesabu ya kura zilizotishwa haina faida hata ikiwekwa wazi namna gani. Faragha inamlinda mnyonge asitazamwe na mwenye nguvu. Uwazi unamlazimisha mwenye nguvu atazamwe na mnyonge. Vyote viwili vinazuia jambo moja, yaani madaraka yanayoona bila kuonwa. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mfumo wowote wa serikali wa kidijitali, kabla ya kuuliza kama una kasi au kama unaokoa fedha, ni nani anamtazama nani. Dai langu katika sura hii ni kwamba mifumo mingi iliyojengwa katika nchi zetu imejengwa itazame upande mmoja, kutoka ofisini kwenda kwa raia, na kwamba dawa yake si kurudi kwenye mafaili ya vumbi bali kumfanya mtazamaji naye aonekane.

Mwelekeo huo wa macho una historia ndefu kuliko kompyuta. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika katika Kenya ya kikoloni ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande, kama kilivyoitwa, kilikuwa hati yenye jina la mtu, kabila lake, alama ya kidole chake, waajiri wake na mshahara aliolipwa, na kilibebwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo. Mfanyakazi, ambaye maisha yake ndiyo yaliyoandikwa, hakuwa na uwezo wa kufuta wala kuongeza neno, na akikutwa bila hati hiyo alikuwa mkosaji. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921 na 1922, na kilidumu hadi miaka ya 1940. Yaliyomo ndani yake si ya kutisha ukiyalinganisha na yale ambayo simu yako inajua leo. Ubaya wake ulikuwa kwamba mlowezi hakubeba kitu cha namna hiyo, wala mfanyakazi hakupata popote pa kusoma rekodi ya mwajiri: nani hulipa kwa wakati, nani hupiga watu, nani hukata mshahara bila sababu. Daftari lilikuwa moja, na lilisomwa na upande mmoja.

Karibu miaka mia moja baadaye, Bunge la Kenya huru lilipitisha marekebisho ya sheria ya usajili wa watu ndani ya mswada wa marekebisho mchanganyiko wa mwaka 2018, ule mswada wa mafungu unaobeba sheria nyingi ndogo kwa mkupuo. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa kitaifa wa utambulisho uliokuja kujulikana kama Huduma Namba, na ruhusa ya kukusanya hata vinasaba vya mtu na majira ya setilaiti (GPS) ya mahali anapoishi. Shirika la haki za Wanubi, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na tume ya kitaifa ya haki za binadamu walikimbilia Mahakama Kuu. Usajili ulipokaribia kuanza Aprili 2019, mahakama ilitoa amri ya muda: usiwe wa lazima, usiwekewe tarehe ya mwisho, huduma zisinyimwe asiyejisajili, na vinasaba visichukuliwe. Amri ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Huko mitaani foleni zilijaa watu waliokuwa wameshasikia vitisho vya kufungiwa huduma, na zaidi ya watu milioni 36 waliandikishwa katika wiki chache. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, miezi mitano na ushei baada ya alama za vidole vya watu hao kuchukuliwa.

Yaliyofuata yanafaa kusomwa polepole. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir, waliamua kwamba kuchukua vinasaba na majira ya makazi kunakiuka Katiba, na kwamba mfumo uliobaki ungeweza kuendelea kwa sharti kwamba uwekewe kwanza kanuni kamili za kuulinda. Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kuanza kutoa kadi. Taasisi ya Katiba na Profesa Yash Pal Ghai wakapinga, wakisema hakuna tathmini ya athari kwa faragha iliyofanywa kama kifungu cha 31 cha sheria mpya kinavyotaka. Serikali ilijibu kwamba data ilikusanywa kabla ya sheria kuwapo, hivyo sheria haiigusi. Jaji Jairus Ngaah aliikataa hoja hiyo tarehe 14 Oktoba 2021 na kuufuta uamuzi wa kutoa kadi hadi tathmini ifanyike. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshatumika. Serikali iliyoingia madarakani 2022 iliiacha Huduma Namba na kuja na Maisha Namba, nayo ikapelekwa mahakamani kabla mwaka 2023 haujaisha.

Tusidhani kwamba huo ulikuwa uzembe wa Kenya peke yake. Tanzania iliweka tarehe 20 Januari 2020 kuwa mwisho wa kutumia laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Uganda ilisajili raia wake kwa kadi ya Ndaga Muntu katikati ya muongo uliopita, kisha ikapata sheria ya faragha mwaka 2019. Nchi tatu, serikali tatu zisizofanana hata kidogo, na utaratibu ni uleule: kusanya kwanza, linda baadaye. Utaratibu wa namna hiyo hautokani na bahati mbaya. Unatokana na imani, ambayo haitamkwi lakini imo ndani ya kila zabuni, kwamba taarifa za raia ni mali ya ofisi na ulinzi wake ni hisani.

Sasa itazame serikali hiyohiyo ikiwa ndiyo inayoombwa taarifa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaweka haki ya faragha katika kifungu cha 31 na haki ya kupata taarifa za dola katika kifungu cha 35, na tangu 2016 kuna sheria maalumu ya kupata taarifa. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya kisasa kutoka Mombasa, mradi mkubwa kuliko yote uliojengwa tangu uhuru, unaolipwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Walinyimwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba mikataba yenyewe ina kipengele cha usiri kinachozuia kuionyesha. Yaani watu wawili waliokaa mezani walikubaliana wao kwa wao kwamba mlipaji asisome, kisha makubaliano hayo yakaletwa kwa mlipaji kama sababu ya yeye kutosoma. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kipengele cha mkataba hakiwezi kuishinda Katiba na kuagiza mikataba itolewe. Novemba mwaka huo, baada ya serikali kubadilika, waziri mpya wa uchukuzi alitoa sehemu ya nyaraka. Weka kesi hizi mbili pamoja: raia anatakiwa kutoa alama za vidole vyote kumi kwa wiki chache, na dola inapelekwa mahakamani ili itoe karatasi chache kwa miaka.

Hapa ndipo wengi huuliza: kama huna baya unalofanya, unaficha nini? Swali hili lina nguvu kwa sababu linamweka muulizwaji kizimbani kabla hajafungua mdomo. Jibu la kwanza ni kulirudisha lilikotoka, maana ofisi inayolipenda swali hili kwa raia hulichukia likielekezwa kwa mikataba yake. Jibu la pili ndilo zito zaidi, na liko Garissa. Wakati wa ukame, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali ziliwaandikisha watoto wao kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula na shule ambavyo serikali yao haikuwafikishia. Alama za vidole zilichukuliwa. Watoto wakakua, wakafika umri wa miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, na mashine ikasema ni wakimbizi. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupata kazi rasmi wala kupita vizuizi vya polisi kwa amani. Hawakuwa na baya walilofanya. Walikuwa na njaa. Taarifa iliyotolewa kwa ajili ya jambo moja ilitumiwa kwa jambo jingine, miaka mingi baadaye, na mtu ambaye hawakumwona, katika mfumo ambao hawakujua kwamba umeunganishwa na mwingine. Madhara makubwa ya data mara nyingi huja hivyo: hayamngoji mwenye hatia.

Na mifumo inazidi kuunganishwa. Kwenye tovuti ya eCitizen sasa hupita maelfu ya huduma za serikali ya Kenya na malipo yake, na shambulio la Julai 2023 lililoikwamisha kwa siku kadhaa lilionyesha jinsi nchi ilivyoweka mambo mengi mahali pamoja. Bima mpya ya afya, SHA, inaendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, aliandika katika ripoti yake ya mwaka wa fedha 2023/24 kwamba ununuzi wake haukuwa kwenye mpango wa manunuzi wala bajeti, haukupitia ushindani, na kwamba umiliki wa mfumo si wa serikali. Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama kashfa ya fedha tu. Mimi naisoma pia kama kashfa ya faragha. Humo mnaingia maradhi ya watu, dawa zao, mimba zao, vipimo vyao, na kama umma haujui mkataba unasema nani anamiliki nini, basi mgonjwa hawezi kujua nani atakuwa na rekodi zake siku mkataba utakapokwisha. Hapa kukosekana kwa uwazi ndiko hasa kunakobomoa faragha. Wanaosema tuchague kimoja kati ya viwili hivyo wangeeleza tungechaguaje kwenye mkataba huu.

Kuna pingamizi la upande wa pili ambalo haliwezi kupuuzwa: uwazi nao huumiza watu. Orodha ya wanaopokea ruzuku ya wazee, ikibandikwa ukutani, humwambia kila mpita njia nani ni maskini na lini ana fedha ndani. Ni kweli. Lakini India inatufundisha kitu kuhusu orodha kama hizo. Katika jimbo la Rajasthan, miaka ya 1990, chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS kilianza kuitisha mikutano ya kijiji na kusoma kwa sauti orodha za malipo ya kazi za serikali. Wanakijiji walisikia majina ya marehemu waliolipwa kama vibarua na ya watu ambao hawakuwahi kushika jembe kwenye mradi. Harakati hizo zilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005. Kisha mwaka 2023 India ikapitisha sheria ya kulinda data binafsi, na ndani yake ikaingiza marekebisho yanayopanua uwezo wa ofisi kukataa kutoa taarifa yoyote yenye jina la mtu, likiwamo la ofisa. Neno zuri, faragha, likawa pazia la mwenye cheo. Mpaka unaofaa si kati ya taarifa zenye majina na zisizo na majina. Jina la mhandisi aliyesaini kwamba daraja limekamilika si jambo lake la siri, na maradhi ya mhandisi huyohuyo si jambo letu. Kinachoamua ni kama taarifa inahusu matumizi ya madaraka na fedha za umma au inahusu maisha ya mtu. Zipo zinazoangukia katikati, kama fomu za mali ambazo watumishi wa umma wa Kenya wanazijaza tangu sheria ya 2003 na ambazo mwananchi hazioni kirahisi. Kwangu mimi, anayeomba kusimamia hazina ya nchi amekubali kuonyesha alichoingia nacho. Mke wa karani wa kaunti hajakubali.

Hata panapokuwa na mashaka ya kweli, Norway imeonyesha njia. Huko mapato na kodi ya kila mtu ni taarifa ya wazi kwa desturi ya zamani, na orodha zilipoingia mtandaoni udaku ulitamba. Watu walipekua mishahara ya majirani na shemeji. Serikali haikuzifunga orodha. Tangu 2014 kila anayetafuta lazima ajitambulishe, na anayetafutwa anaona jina la aliyemtafuta. Utafutaji uliporomoka. Taarifa bado ziko wazi kwa mwandishi wa habari mwenye sababu, lakini udaku una gharama, nayo ni kujulikana.

Wazo hilo ndilo lililowekwa ndani kabisa ya mfumo wa Estonia. Nchi hiyo iliunganisha hifadhidata zake kupitia mtambo wa X-Road tangu 2001 na ikaanza kutoa vitambulisho vya kielektroniki mwaka 2002. Raia akiingia kwenye tovuti ya serikali anaweza kuona ni ofisi gani imefungua taarifa zake na lini, na akiona jambo asilolielewa ana haki ya kuuliza, na anayechungulia bila sababu ya kikazi huadhibiwa. Estonia si paradiso. Mwaka 2017 watafiti waligundua kasoro kwenye chipu ya kadi zake zipatazo 760,000, katika nchi ya watu milioni 1.3. Serikali iliitangaza kasoro hiyo hadharani, ikasimamisha vyeti vya kielektroniki vya kadi hizo na kuvirekebisha, huku ikijua kwamba kutangaza kunaaibisha. Ofisi iliyozoea kutazama bila kutazamwa ingeficha.

Nitajibiwa kwamba Estonia ni ndogo, ina fedha, na watu wake wote wana intaneti. Ukubwa ni kikwazo cha kweli, lakini si kikwazo cha jambo ninalolizungumzia. Mfumo wowote wa kisasa wenye kustahili jina hilo tayari huandika nani ameingia na amefungua faili gani; mafundi huzihitaji rekodi hizo ili kusaka hitilafu na wizi. Kumbukumbu ipo. Suala ni nani anaruhusiwa kuisoma. Na mwananchi asiye na simu janja angeweza kuletewa ujumbe mfupi, kama anavyoletewa kila mara fedha zinapoingia au kutoka kwenye M-Pesa yake. Hakuna anayesema Wakenya ni wengi mno kupata ujumbe wa aina hiyo.

Pingamizi la usalama lina uzito zaidi. Mpelelezi anayefuatilia mtandao wa ugaidi hawezi kumtumia mshukiwa ujumbe kwamba faili lake limefunguliwa. Sawa, lakini anaweza kuomba kibali cha jaji cha kuchelewesha taarifa hiyo kwa muda uliotajwa, na muda ukiisha taarifa itolewe isipokuwa jaji aongeze. Idadi ya vibali vya namna hiyo kwa mwaka inaweza kuchapishwa bila kutaja jina la mtu hata mmoja. Nchi iliyokumbwa na mashambulio ya kigaidi ya Westgate na chuo kikuu cha Garissa haina sababu ya kudharau kazi ya ujasusi, ila wengi wanaofungua mafaili ya serikali si majasusi. Ni makarani, mafundi wa kampuni za nje, na ofisa anayetaka kujua shamba la mtalaka wake limeandikwa jina gani. Hao ndio wanaofaidika tunapozungumzia magaidi peke yao.

Kwa upande wa sheria, Kenya haiko mbali. Sheria ya 2019 inampa mtu haki ya kujua data yake inatumikaje, kuipata, kuisahihisha na kupinga matumizi yake, na ofisi ya Kamishna wa Data imeanza kutoza faini; zilizovuma zaidi mwaka 2023 ziliiangukia kampuni ya mikopo ya simu, shule iliyoweka picha za watoto mtandaoni na klabu ya starehe iliyotumia picha ya mteja. Walistahili. Lakini haki ya kuomba si sawa na haki ya kuonyeshwa. Anayeomba lazima kwanza ashuku, na hawezi kushuku asichokijua. Vijana wa Garissa waligundua wakati umeshapita. Marekebisho yanayohitajika ni mafupi kiasi cha kuenea ukurasa mmoja: kila mfumo wa umma wenye taarifa za watu umwonyeshe mhusika rekodi ya waliofungua taarifa zake, bila yeye kuomba, mkataba wa kila mfumo wa aina hiyo, pamoja na vipengele vya umiliki wa data, uchapishwe kabla ya kusainiwa, na mfumo usiotimiza masharti hayo usiunganishwe na mwingine. Gharama yake ingekuwa sehemu ndogo sana ya bilioni 104.8. Pia ingekuwa rahisi kuikagua, kwa sababu wakaguzi wangekuwa mamilioni, kila mmoja akikagua ukurasa wake mwenyewe.